Usukani gani utaituliza mikono? Maswali ya waendesha baiskeli za milimani

Nina kibanda cha ufundi Arusha. Wengi wanaoniletea baiskeli za milimani huja na moja kati ya malalamiko mawili: gia zinaruka, au mikono inakufa ganzi. La gia humalizika siku hiyohiyo. La mikono huzaa maswali, na maswali yenyewe hujirudia, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayotoa kila mara.

Mikono inauma nikiendesha zaidi ya saa moja. Ninunue usukani gani?

Bado usinunue. Najua fundi hapaswi kusema hivyo, lakini karibu nusu ya wanaokuja kuulizia usukani mpya huondoka wamepona kwa spana ya aleni na dakika ishirini.

Anza na leva za breki. Kaa kwenye siti kama unavyokaa safarini, weka vidole juu ya leva, halafu mtu akutazame kwa ubavuni. Mstari kutoka kiwiko, kupitia kifundo cha mkono, hadi vidoleni unatakiwa unyooke. Leva zikiwa zimeinuliwa sana, kifundo kinabonyea chini na kiganja kinabeba uzito kikiwa kimekunjwa kwa nyuma. Zikiwa zimeinama sana, ngumi inajikunja mbele kila unapofunga breki. Legeza skrubu ya kishikio chake, zungusha kidogo, kaza, jaribu. Tena na tena mpaka ikae.

Ukiwa hapohapo, sogeza leva ndani kuelekea katikati ya usukani, ili kidole cha shahada peke yake kifike kwenye ncha ya leva, pale ilipojikunja. Kwa breki za diski kidole kimoja kinatosha. Vingine vibaki vimeshika gripu, ile mipira ya kushikia. Leva nyingi pia zina kiskrubu kidogo cha kuisogeza karibu na gripu. Mwenye vidole vifupi asiyejua kiskrubu hicho huumia miaka mingi bure. Ukitaka kuamini, shuka Lushoto hadi Mombo ukiwa umenyoosha vidole vyote kufuata leva iliyo mbali, kona baada ya kona.

Kisha siti. Ikiwa pua yake imeinama, unateleza mbele na mikono inageuka kuwa breki ya mwili. Iweke iwe sawa na ardhi kwanza, urekebishe kidogokidogo baadaye.

Mwisho, upepo wa tairi. Wengi wetu tunajaza hadi tairi iwe kama jiwe, kwa kuogopa pancha. Kwa tairi yenye upana wa inchi 2.1 hadi 2.25, yenye tyubu, na mwendeshaji wa kilo 70 hivi, psi 28 hadi 35 zinatosha. Usishuke tu chini ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja mawimbi, psi 60 ni sawa na kumpa mtu nyundo akugonge viganja kutwa nzima.

Ukishafanya hayo yote na bado inauma, sasa tuzungumze usukani.

Maumivu yangu yako upande wa kidole cha mwisho. Ya mwenzangu yako kwenye dole gumba. Ni tatizo moja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wananunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Ganzi kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete inatokana na neva inayopita kwenye kijia chembamba chini ya kiganja, upande wa nje. Madaktari huiita neva ya alna. Kiganja kikilaliwa na uzito mahali pale, hasa kifundo kikiwa kimekunjwa nyuma, neva inabanwa. Ni tatizo la waendesha baiskeli kiasi kwamba limepewa jina lao. Dawa yake ni kupunguza uzito mikononi na kuutawanya: usukani ulio juu kidogo, mkunjo mkubwa zaidi wa nyuma, na gripu zenye ubawa wa kupokea kiganja.

Ganzi kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati ni ya neva nyingine, ya kati, inayopita katikati ya kifundo pamoja na kano za vidole. Hii huchokozwa na kukaza ngumi kwa muda mrefu, mtetemo, na kifundo kilichokunjwa. Hapa usukani husaidia, lakini leva za breki na gripu za unene unaokufaa husaidia sawasawa.

Maumivu ya ubavu wa kifundo chini ya dole gumba, yanayochoma unapobonyeza gia, kwa kawaida ni ya kano. Sogeza leva ya gia kwanza. Gumba likilazimika kunyooka ili kukifikia kibonyezo, hata usukani wa kaboni wa Ujerumani hautakuponya.

Maumivu ya juu ya kifundo, kule mgongoni mwa mkono, karibu kila mara ni kifundo kilichokunjwa nyuma. Rudi kwenye jibu la kwanza.

Huo mkunjo wa nyuma ni nini hasa?

Swali hili ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Shika kalamu mbili, moja kwenye kila ngumi, kama unavyoshika gripu. Fumba macho, peleka mikono mbele huku viwiko vimelegea, kisha fumbua. Kalamu hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Upande wa gumba utakuwa umetangulia mbele, upande wa kidole cha mwisho umebaki nyuma karibu na wewe. Hivyo ndivyo mkono ulivyoumbwa kushika. Sasa usukani ulionyooka kama fimbo unazitaka kalamu zile mbili zilale mstari mmoja, na anayelipa tofauti ni kifundo: kinapinda kando, na kinakaa kimepinda saa tatu mfululizo.

Mkunjo wa nyuma ni kiasi ambacho ncha za usukani zinarudi kwako, na hupimwa kwa digrii. Sukani nyingi za baiskeli za milimani zina digrii 5 hadi 9. Kampuni ya SQlab ya Ujerumani inauza za digrii 12 na 16. Salsa wana usukani uitwao Bend wa digrii 17 na mwingine wa 23. Moloko wa Surly unafika 34. Jeff Jones wa Oregon, Marekani, alikwenda hadi 45, na wanaoupenda usukani wake hawataki kusikia mwingine.

Kwa nini basi viwanda vinang'ang'ania digrii 7 au 8? Si ujinga. Ukisimama kwenye pedali unashuka kwenye mawe, viwiko vimetoka nje na kifua kimeinama, mkono wa mbele unabadilisha mwelekeo na ile pembe uliyoiona kwenye kalamu inanyooka. Mkunjo mdogo unafaa pale. Ukikaa kwenye siti viwiko vikashuka karibu na mbavu, unahitaji mkunjo mkubwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: muda mwingi umekaa au umesimama?

Wateja wangu wengi hukaa. Wanatoka mjini kwa lami, wanaingia njia za mashamba ya kahawa, wanapanda taratibu, wanashuka kwa tahadhari. Hao nawaambia digrii 12 au 16 bila kusitasita. Kijana anayeruka matuta msituni abaki na 8 au 9. Anayefunga mizigo na kusafiri siku nne kutoka wilaya hadi wilaya anaweza kujaribu 23 na kuendelea.

Kuna pia mkunjo wa juu, yaani ncha kuinuka kidogo, kwa kawaida digrii 4 hadi 6. Huo usikusumbue sana. Ila jihadhari: ukiuzungusha usukani kwenye stemu (kile kipande kinachoubana usukani katikati), mkunjo wa nyuma unageuka kuwa wa juu au wa chini. Nimewahi kuletewa usukani wa digrii 16 unaolaumiwa kwamba haufai, kumbe umefungwa ncha zikitazama angani. Uzungushe mpaka ncha zirudi nyuma zikishuka kidogo sana, ndipo uhukumu.

Nikiongeza mkunjo wa nyuma, si nitakuwa nimebanwa?

Utabanwa kidogo, ndiyo. Kutoka digrii 7 kwenda 16, mikono inarudi nyuma sentimita tatu hivi, isipokuwa usukani uwe umeanza kwa kupinda mbele ili kufidia, kama zilivyo baadhi. Mwenye baiskeli iliyokuwa inamvuta mbele atafurahi, maana amepata dawa mbili kwa bei ya moja. Ambaye baiskeli ilikuwa inamtosha barabara ataongeza stemu ya milimita 10 hadi 20 zaidi.

Kila mtu anasema usukani mpana ndio wa kisasa. Niweke wa milimita 800?

Una urefu gani?

Miaka ya 1990 baiskeli za milimani zilikuja na usukani wa milimita 560 hadi 600, na watu walipanda milima. Leo zinakuja na 760 hadi 800. Upana unampa mtu nguvu ya kudhibiti gurudumu kwenye mawe, hilo ni kweli. Lakini upana huohuo ukizidi mabega yako unaitupa mikono nje, kifundo kinapinda zaidi kando, kifua kinashuka, na uzito unahamia viganjani. Usukani mpana wenye mkunjo mdogo ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote kwa mwenye maumivu, na ndio hasa unaouzwa kwa wingi.

Lala kifudifudi kama mtu anayetaka kupiga pushapu, weka mikono pale unapojisikia una nguvu, mwenzako apime kutoka ukingo wa nje wa kiganja kimoja hadi cha pili. Nambari hiyo si msahafu, ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Wanawake wengi na wanaume wenye mabega madogo huangukia 680 hadi 740.

Usikate siku hiyo. Sogeza gripu na leva ndani milimita 10 kila upande, uendeshe wiki nzima ncha zikiwa zimechomoza. Ukipenda, kata. Kata milimita 5 au 10 kwa wakati mmoja, kwa kikata bomba au msumeno wa chuma wenye kiongozi, kisha lainisha ukingo kwa tupa. Kumbuka kuziba ncha kwa vizibo. Bomba lililo wazi likikukuta tumboni unapoanguka linakata kama kikombe cha kukatia maandazi, na hilo silitanii.

Na kimo?

Usukani ukipanda, mgongo unanyooka na uzito unarudi kwenye siti. Anza na zile pete zilizo juu ya stemu: zihamishie chini yake. Haitoshi? Igeuze stemu juu chini kama ina pembe. Baada ya hapo ndipo ununue usukani wenye mwinuko wa milimita 30 au 40. Gharama yake utaiona kwenye mlima mkali: gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kutangatanga. Inama kidogo, litatulia.

Mbona baiskeli ya babu haikuumiza mikono ya mtu?

Phoenix na wenzake, zile ambazo Kenya wanaziita Black Mamba, zina usukani uliorudi nyuma kabisa, gripu zinakutazama karibu kama mikono ya toroli. Juu ya hapo unakaa wima, uzito wote uko kwenye siti yenye springi. Babu alibeba magunia na mikono yake ikabaki salama kwa sababu haikubeba kitu.

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kuufunga ule usukani kwenye baiskeli ya milimani. Ule wa breki za fito, hapana: leva zake zimejengwa humohumo, na mara nyingi shingo yake imeungwa nao. Lakini zipo sukani za umbo lilelile za baiskeli za mjini, za breki za waya, na hizo zinaingia zikilingana vipimo. Utachekwa na vijana wa njia za msituni. Waache wacheke.

Nitajuaje kama usukani mpya utaingia kwenye baiskeli yangu?

Pima unene wa katikati, pale stemu inapobana. Kuna milimita 25.4 kwenye baiskeli za zamani na za bei nafuu, 31.8 kwenye nyingi za sasa, na 35 kwenye baadhi ya mpya. Usikisie kwa macho. Nunua au azima vernia, kile kifaa cha kupimia unene. Usukani wa 25.4 unaweza kukaa kwenye stemu ya 31.8 kwa kuwekewa bati maalumu la kujazia. Kinyume chake hakiwezekani, na usimruhusu fundi yeyote apanue stemu kwa bisibisi.

Pale pa gripu ni milimita 22.2 karibu kwenye sukani zote za milimani, kwa hiyo leva zako zitaingia. Usukani wa kondoo dume wa baiskeli za mashindano ya lami una kipimo kingine na leva hizi hazikai.

Tazama nyaya pia. Usukani ukipanda au ukiwa mpana zaidi, waya wa breki unaweza kukazika unapokata kona. Zungusha usukani hadi mwisho kila upande kabla hujatoka nje ya kibanda.

Kaboni au alumini?

Alumini. Kaboni inapunguza mtetemo mdogomdogo, sikatai, na OneUp wa Canada wanatengeneza usukani wa kaboni uliobonyezwa kama yai ili ulegee kidogo kwa juu na chini. Lakini ukianguka, kaboni inaweza kupasuka kwa ndani bila kuonyesha kitu nje. Kwa pesa ya tofauti hiyo unapata alumini yenye mkunjo sahihi, gripu nzuri na tairi mpya ya mbele.

Nimeona usukani wa mtumba, bei rahisi. Ninunue?

Wa kaboni, hapana, hata ukipewa bure. Wa alumini, ukague sehemu ya kubana na mahali leva zilipokaa. Mchubuko mwembamba unaouzunguka usukani kama pete ndiko ufa huanzia. Uviringishe juu ya meza: usukani uliopinda kwa ajali hujitangaza wenyewe, upande mmoja hauwi ndugu wa mwingine.

Gripu zenye ubawa zinasaidia kweli?

Kwa ganzi ya kidole cha mwisho, sana. Ergon wa Ujerumani ndio waliozieneza kwa GP1 yao, na siku hizi zipo za kuiga kila mahali. Ubawa unapokea kiganja chote badala ya kukiacha kining'inie kwenye bomba. Nunua zenye skrubu ya kubana, zile za kuchomeka huzunguka, na ubawa uliozunguka ni balaa. Pembe yake iwe inafuata kiganja chako unapokaa. Kosa la kawaida ni kuuinua sana, ukamkunja mtu kifundo kuliko mwanzo.

Glavu za jeli? Nyembamba, sawa. Nene zinakufanya ukaze ngumi zaidi.

Vile vipembe vya kufunga nchani bado vina maana?

Vilipotea kwenye maduka, havikupotea maana. Vinakupa namna ya pili ya kushika, viganja vikitazamana, na kubadilisha mshiko kila baada ya dakika chache ni nusu ya tiba. Mimi huvifunga ndani ya gripu badala ya nchani, ili visishike matawi. Usivifunge kwenye kaboni kama mtengenezaji hajaruhusu.

Naweza kuufunga mwenyewe?

Unaweza. Boliti za mbele za stemu hukazwa kwa kupokezana, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari, na mwanya wa juu na wa chini uwe sawa, isipokuwa stemu imeandikwa vinginevyo. Nguvu ya kukazia imechapishwa kwenye stemu yenyewe, kwa kawaida kati ya nyutoni-mita 4 na 6. Spana ya kupimia nguvu ni ghali kwa kazi ya siku moja, kwa hiyo nenda ukaazime. Kaboni inapakwa krimu yake maalumu yenye chembechembe, kamwe si grisi.

Lini niache spana niende hospitali?

Ganzi isiyoondoka baada ya siku kadhaa bila kuendesha. Mkono unaoangusha funguo au unaoshindwa kufunga kifungo cha shati. Nyama kati ya gumba na kidole cha shahada kubonyea. Ganzi inayokuamsha usiku. Wenye kisukari na wajawazito wasisubiri, kwa sababu neva ya kati hubanwa kwao kwa urahisi zaidi.

Na hili liwe peke yake: kama uliangukia kiganja na sasa panauma kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba unapolinyoosha, nenda siku hiyohiyo. Pale pana mfupa mdogo ambao ufa wake unaweza usionekane kwenye eksirei ya kwanza. Ukiambiwa urudi baada ya wiki mbili kupigwa nyingine, rudi.

Nimeweka usukani wa digrii 16. Mikono imetulia lakini sasa mabega yananiuma. Nimekosea?

Pengine hujakosea, umebanwa. Umefupishiwa baiskeli na hujaongeza stemu, kwa hiyo mabega yanapanda kuelekea masikioni. Azima stemu iliyo ndefu kwa milimita 10, uendeshe njia ileile unayoijua mara mbili. Kama bado, shusha usukani kwa pete moja. Badilisha kitu kimoja tu kila safari, na andika kwa penseli kwenye ukuta wa banda ulichobadilisha; ukuta wangu umejaa namba za wateja kuliko kalenda.